Magamba ya Ukuta wa Shangazi

Ukuta wa shangazi yangu ulianguka mchana, wakati wa kula, na ulianguka kwa adabu maana ulielekea nje. Shangazi alikuwa amekaa mkekani na tonge la ugali mkononi. Aliposikia kishindo alifumba macho, na alipofumbua akajikuta anatazamana na jirani yake, mzee mmoja aliyekuwa anapita barabarani na jembe begani. Wakaangaliana kidogo. Kisha shangazi akasema, "Karibu chakula." Yule mzee akajibu, "Ahsante, nimeshakula," akaendelea na safari yake hatua chache, ndipo akili ikamrudia, akageuka mbio kuuliza kama kuna aliyeumia.

Hakuna aliyeumia. Lakini kisa hicho kilifika Mpanda mjini kabla ya jioni, na kilipofika kwetu kilimkuta baba anapiga randa mlango. Alicheka mpaka akaegemea meza ya kazi. Halafu akaweka randa chini, akasema, "Dada yangu angekufa." Kesho yake tukaenda Magamba, kijijini kwake.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, tukiwa bado tunahesabiwa Mkoa wa Rukwa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka popote. Baba alikuwa na karakana yake ya useremala karibu na stesheni ya reli, na nilipokuwa nimekaa tu nyumbani nikinung'unika, alinipa randa akasema, "Mama, wakati unasubiri, shika hii." Baba aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nikaishika. Watu waliokuja kuagiza vitanda walikuwa wakiniuliza baba yuko wapi huku mikono yangu imejaa vumbi la mbao, nami nikawa nawajibu kwamba hata mimi ninajua urefu wa kitanda.

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya tofali mbichi. Upande mmoja ulikuwa unapokea mvua yote ya masika, na kila mwaka baada ya mvua shangazi alikuwa anaukandika upya kwa udongo, yeye na wanawake wenzake, kwa nyimbo na pombe ya mtama. Mwaka ule mvua ilikuwa imewahi kuliko udongo. Tukaujenga tena ule ukuta kwa siku kadhaa, na wanawake wenzake shangazi wakaukandika. Tulipomaliza, shangazi akasimama mbele yake akiwa ameshika kiuno.

"Kaka," alimwambia baba, "mimi nimechoka kumvalisha huyu nguo kila mwaka. Nyie ni maseremala. Mvalisheni mbao."

Baba akatikisa kichwa. "Msumari haukai kwenye tofali mbichi, dada. Nitapigilia leo, kesho utakuta mbao zimelala chini na udongo umezifuata."

"Basi msipigilie."

Baba akacheka, akaona ni maneno ya mtu asiyejua useremala. Mimi sikucheka. Njiani tukirudi, nikiwa nimekaa nyuma ya baiskeli, nilikuwa nawaza: mbao zinazosimama ukutani bila msumari lazima zishikane zenyewe. Kibao cha chini kibebe cha juu, cha juu kikibane cha chini, na cha pembeni kimshike mwenzake.

Sikuwa na mbao za kuchezea, kwa hiyo nilianza na sabuni ya mche. Nilikata vipande vidogo kwa kisu cha jikoni, nikavichonga ulimi uliochomoza upande wa chini na mfereji wa kuupokea upande wa juu, nikavipanga dirishani. Mama yangu alivikuta, akauliza ni panya gani mwenye akili namna hii. Kwa muda mrefu nyumbani kwetu tulifulia nguo kwa kuta ndogo ndogo. Mara nyingi nilikosea. Maji niliyomwagia juu yalikuwa yanaingia kwenye maungio na kutokea nyuma, mpaka nilipougeuza ulimi uelekee juu na mfereji uufunike kama kofia. Hapo maji yakawa yanateremka kwa nje, hayana pa kuingilia. Nakumbuka nilimwita mama aje aone sabuni haivuji. Alikuja, akaona, akasema, "Sasa na sufuria za jana zimekuona?"

Kwenye karakana kulikuwa na lundo la vipande vya mninga vilivyobaki kwenye milango na vitanda, vifupi mno kwa kazi yoyote ya maana. Nilimwomba baba anipe. Aliniangalia, akaliangalia lundo, akasema nichukue, angalau patafagilika. Nikaviunganisha viwe vibao vya ukubwa wa sinia, kila kimoja na ulimi wake juu na mfereji wake chini, na vivyo hivyo ubavuni. Kazi ya kuchimba mifereji ilinitoa malengelenge viganjani. Lakini nilipoviegemeza vitatu vya kwanza, kimoja juu ya kingine, vikaingia kwa mlio mdogo wa "tak," nilihisi furaha ambayo shule haikuwahi kunipa.

Magamba tulivisimamisha hivi. Kwenye ukuta tulisimamisha papi, yaani fito nyembamba za mbao, tukazifunga kwa waya uliopenya tofali na kukazwa kwenye vijiti upande wa ndani. Chini tukaweka gogo gumu juu ya mawe ili mchwa wasifike kirahisi. Safu ya kwanza ya vibao ikakaa juu ya gogo, ya pili juu ya ya kwanza, hivyo hivyo mpaka juu, na safu ya mwisho ikajificha chini ya upenu na kubanwa na ubao uliopigiliwa kwenye kenchi za paa. Ukuta wenyewe haukupigwa hata msumari mmoja. Kati ya vibao na tofali ikabaki nafasi ya kiganja, ili udongo upumue.

Shangazi alipitisha mkono juu yake taratibu. "Umependeza," akamwambia ukuta.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilikaa mlangoni kwetu nikizifurahia kama mkulima. Siku chache baadaye mtu wa baiskeli aliyekuwa analeta maziwa mjini alisimama karakana. "Shangazi yenu anawasalimu," alisema. "Anasema mwambieni fundi nyumba yake ina mimba."

Tulikwenda. Kweli, ukuta ulikuwa umetoa tumbo. Vibao vya katikati vilikuwa vimevimba, havina pa kwenda, vikasukumana mpaka vikainuka kutoka kwenye papi. Shangazi alisema vilikuwa vinalia kama mahindi kwenye kikaango. Baba aliligonga lile tumbo kwa kidole.

"Mbao haiwezi kunywa maji isinenepe," alisema.

"Ulilijua hilo?"

"Mimi ni seremala, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Nilikasirika kweli. Nilikaa chini ya upenu nimempa mgongo, na yeye akaenda kula karanga za shangazi. Lakini ukweli ni kwamba sikumuuliza, nilitaka ukuta ule uwe wangu peke yangu. Aliporudi alikaa karibu yangu, akatoa kibiriti, akachomoa njiti moja na kunipa. Nikaiangalia ile njiti, nikaelewa: kila ungio liachiwe nafasi ya unene huo. Tukaushusha ukuta mzima, tukapunguza kila ulimi, mimi na yeye, kila mmoja na randa yake, huku shangazi akituletea chai ya tangawizi. Tukavipaka vibao oili chafu tuliyopewa na madereva wa malori, tukavirudisha. Mvua ikanyesha tena. Vikanenepa, vikajaza nafasi zao, vikatulia.

Baada ya hapo watu walianza kupitia kwa shangazi kutazama. Watoto waliiita nyumba ya magamba, kwa sababu vibao vilipangana kama magamba ya samaki, na kwa kuwa kijiji chenyewe ni Magamba, wageni walidhani wanachekwa walipoelekezwa. Shangazi alipokea wote. Aliwaruhusu kugusa, lakini aliwakataza kugonga.

Miombo ilipochanua mwaka uliofuata, aliniambia kwamba ukuta una redio.

"Redio gani, shangazi?"

"Njoo usikie."

Nikaweka sikio kwenye ukuta wa chumbani kwake. Ulikuwa unavuma. Mvumo ulikuwa wa chini, wa kuendelea, usio na pumzi. Nilitoka nje nikaangalia, nikaona katikati ya ukuta, pale nilipoacha nafasi ya njiti na kiangazi kikaipanua, nyuki wanaingia na kutoka kama watu wa sokoni. Ile nafasi ya kiganja niliyoiacha nyuma ya vibao ilikuwa kavu, yenye giza, imekingwa na upepo. Nilikuwa nimejenga mzinga mrefu kuliko mizinga yote ya wilaya.

Shangazi hakuona tatizo. Alikuwa analala peke yake tangu afiwe na mumewe, na alisema mvumo ule unamletea usingizi. Tatizo lilianza nyuki walipomng'ata jirani yake, yule mzee wa jembe, sikioni, akiwa amekuja kuomba moto. Siku mbili baadaye wakawavamia mbuzi waliofungwa karibu. Wanaume wa pale wakakusanyika mchana, wakaleta nyasi kavu, wakasema watawachoma. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja na kibegi cha vifaa nikifikiria la kufanya. Vibao vile vimepakwa oili. Moto ungegusa ukuta, na paa la nyasi lingefuata.

Shangazi alisimama mbele ya ukuta na mwiko mkononi. "Mkitaka kuchoma," alisema, "anzeni na mimi, halafu mtafute wa kuwapikia pombe ya mtama."

Wakasitasita. Mzee wa jembe, sikio lake likiwa limevimba, ndiye aliyesema wanipe mimi fundi muda mpaka kesho jioni. Nilimshukuru, lakini moyoni nilikuwa nimejaa hofu. Ukuta wangu ulikuwa unafunguka kwa njia moja tu: kuanzia juu, chini ya upenu, safu baada ya safu. Kufika kwa nyuki ningelazimika kushusha nusu ya ukuta huku wenyewe wananitazama. Nilikuwa nimefikiria jinsi ya kushikanisha, sikufikiria hata kidogo jinsi ya kuachanisha.

Nikarudi mjini. Sokoni kulikuwa na warina asali waliokuja kutoka Inyonga na madebe yao, na nilimwendea wa kwanza niliyemwona, kijana mrefu mwenye kofia ya kufuma iliyotoboka. Nilimweleza. Alisikiliza akinionjesha asali kwa ncha ya kijiti, kana kwamba nimekuja kununua.

"Wako ukutani," alisema.

"Nyuma ya ukuta. Kati ya mbao na tofali."

"Nani kajenga ukuta wenye chumba cha nyuki?"

"Mimi."

Aliniangalia upya. "Basi twende wote," alisema. "Mimi najua nyuki, sijui ukuta."

Kesho yake jua likiwa linashuka tulifika Magamba. Alikuwa na mzinga wa gogo begani na kitita cha magome ya kufukizia. Mimi nilivaa koti la baba, suruali mbili, na kichwani chandarua cha shangazi kilichofungwa kwa kamba shingoni. Watu wote walisimama mbali, ng'ambo ya barabara, na wengine walikuja na vigoda vyao.

Aliukagua ukuta akipapasa bila haraka. "Kibao hiki," alisema, akigusa kimoja katikati, "kina joto. Masega yako hapa. Unakitoaje?"

"Hakitoki peke yake. Kimeshikwa juu, chini na pembeni."

"Hata mzinga una kifuniko, dada."

"Nimeshaelewa, kaka. Shika moshi wako."

Akacheka ndani ya moshi. Akafukiza kwenye nafasi, mvumo ukapungua ukawa mzito. Nikachukua msumeno mwembamba, nikauingiza kwenye ungio, nikaanza kukata ulimi wa kibao cha chini yake, taratibu, msumeno ukipita kwenye njia ya njiti ile ile. Nilisikia nyuki wanatembea juu ya chandarua. Mmoja akaingia, sijui kwa tundu gani, akanidunga kwenye kope. Sikuacha. Nadhani ningeacha ningekimbia mpaka stesheni.

"Unatetemeka," alisema yule kijana.

"Msumeno ndio unatetemeka."

"Sawa. Mwambie umebakiza kidogo."

Ulimi wa chini ukaachia, nikakata na ndimi za pembeni. Kibao kikateremka kidogo, ulimi wake wa juu ukachomoka, kikaja mikononi mwangu kikiwa kizito ajabu, na masega yamening'inia nyuma yake, meupe na ya dhahabu, yamefunikwa na nyuki. Ng'ambo ya barabara watu walitoa sauti moja ndefu. Kijana alinipokea kile kibao kama mtu anayepokea mtoto. Akakata masega machache, akayafunga ndani ya mzinga wake, akatafuta malkia kwa muda mrefu uliokuwa mrefu zaidi kwangu, na alipompata akamwingiza. Wengine wakaanza kumfuata mama yao. Giza lilipoingia mzinga ulikuwa umefungwa na kuning'inizwa juu ya mti mbali na nyumba, na shangazi alikuwa anapita na sinia la asali, akianzia kwa wale waliokuja na nyasi kavu.

Mimi sikuonja. Jicho lilikuwa limefumba na mdomo umevimba upande. Shangazi alinikanda kwa maji ya chumvi, akasema nimekuwa kama ukuta wangu wa kwanza.

Usiku ule sikuweza kuufikiria ukuta, lakini wiki nzima iliyofuata sikufikiria kingine. Nilihitaji kibao kinachoshika kama wenzake lakini kikubali kutoka peke yake. Nilichora, nikafuta. Jibu nililiona kwenye kabati la vioo la mama muuza maandazi jirani na karakana. Asubuhi alikuwa anasafisha. Alikiinua kioo juu kidogo, kikapanda ndani ya mfereji wa juu, upande wa chini ukaachia, akakivuta nje, akakifuta na kukirudisha. Nikamwomba afanye tena. Akafanya, akauliza kama ninanunua andazi au ninamtazama tu.

Kumbe mfereji wa juu ulikuwa wa kina kirefu kuliko wa chini, basi. Nikatengeneza vibao vya aina hiyo, nikaviweka kila baada ya safu kadhaa ubavuni mwa ukuta wa shangazi, na mapengo nikayaziba kwa wavu mwembamba wa waya, upepo upite na nyuki wabaki nje. Nilimwonyesha baba kabla ya kupachika. Safari hii nilimuuliza.

Alikiinua kibao, akakitoa, akakirudisha. Akakitoa tena. "Mimi nisingefikiria hivi," alisema, akarudi kwenye mlango wake. Maneno hayo nilitembea nayo mwezi mzima.

Oda zikaja. Kigango kimoja, kanisa dogo la Wakatoliki upande wa Kibaoni, kwenye mpunga mwingi, kiliomba tuvalishe ukuta wa nyuma ya altare uliokuwa unaliwa na mvua. Tulifanya kazi huko mimi na baba, tukilala kwa katekista na kula wali kila mlo mpaka baba akaota ugali. Wazee wa kigango waliuliza kama itawezekana kuacha nafasi ndogo kwa ajili ya nyuki, maana habari ilikuwa imewafikia. Nilikataa kwa heshima.

Yule mrina asali naye alikuwa anakuja. Kila alipoleta madebe Mpanda alipitia Magamba kuuangalia ukuta kama nyuki wamerudi, kisha akapitia karakana kunipa taarifa kwamba hawajarudi. Baba alivumilia kwa miezi.

"Huyu kijana," aliniuliza siku moja bila kuinua macho, "ukuta anaukagua kwa ajili ya nani?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Amesema mbao zinahitaji uangalizi."

Shangazi ndiye aliyemaliza mambo. Alimwita yule kijana nyumbani kwake, akampa chakula, akamwambia ukuta hauna nyuki tena na kila mtu anajua, kwa hiyo alete wazee wake. Akawaleta, kutoka Inyonga, wamepanda lori la tumbaku, na posa ililetwa pamoja na debe la asali ambalo mama yangu alilipokea kabla hawajamaliza kusalimia. Tumeishi pamoja tangu wakati huo. Mpaka leo anasema nilitetemeka mimi, na mimi nasema ni msumeno.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, shangazi alijenga nyumba ya tofali za kuchoma, akaezeka bati. Alituita tuje kuibomoa ile ya zamani. Tulianza na vibao. Vilitoka kimoja kimoja, vingi vikiwa vizima, vimekuwa vyeusi kwa oili na mvua, na nyuma yake ule ukuta wa udongo ulikuwa mkavu, alama za vidole vya wanawake waliokandika bado zinaonekana. Shangazi aliweka vidole vyake juu ya alama hizo, akataja kimya kimya waliokuwa hai na waliokwisha kufa. Kisha akaniuliza kama vibao vingetosha kuzunguka jiko na banda la kuku. Nikapima kwa macho nikamwambia vitatosha na kubaki.

"Basi pakia," alisema, "kabla kaka yangu hajavifanya vitanda."